Maziwa Hayakutoka: Historia ya Tezi Ndogo, Damu ya Leba na Sindano za Homoni

SEHEMU YA 1

 

Wiki hii watu watatu tofauti wameniletea swali moja: "Nesi, eti sindano ya homoni ya ukuaji inashikisha mimba?" Mmoja akanitumia na picha ya kichupa alichokiona mtandaoni, bei yake usiulize. Nilitaka nijibu kwa mstari mmoja nikalale. Nikashindwa, kwa sababu swali hili linanirudisha kwa mama mmoja wa hapa hapa Vingunguti ambaye nina deni naye. Kwa hiyo leo tutakaa. Weka maji ya chai jikoni, maana historia hii inaanzia machinjioni, inaenda Ulaya, inapita Kigoma, halafu inarudi uani kwetu.

Huyo mama nitamwita Mama Asha, si jina lake. Alikuwa akikaa kule chini karibu na bonde la Msimbazi. Mwaka 2012 alijifungua mtoto wa kwanza, msichana. Mtoto alitoka salama ila kondo la nyuma likagoma, na lilipotoka damu ikaja kama bomba limepasuka. Alizimia. Akaongezewa chupa mbili za damu, akapona, akaruhusiwa, nyumbani wakachinja kuku.

Siku ya tano akaja kwenye zahanati niliyokuwa nafanya kazi. Mimi nilikuwa mgeni kazini, cheti bado kinanukia wino. Akaniambia, "Nesi, maziwa hayatoki. Si kwamba machache. Hayapo." Matiti yake yalikuwa laini, hayajajaa, hayaumi. Nikamwambia kile nilichomwambia kila mtu: kunywa uji, kula mtori na supu, mweke mtoto kwenye titi mara kwa mara, usiwe na mawazo. Mama mkwe wake alikuwa amesimama pembeni. Akasema, "Nimemwambia mie, anajilegeza huyu." Na mimi, Mungu anisamehe, nikacheka kidogo.

Sikumuuliza alitoka damu kiasi gani. Ndo deni lenyewe hilo.

SEHEMU YA 2

Sasa njoo machinjioni. Sisi wa Vingunguti hatuhitaji kuelekezwa, upepo ukigeuka unajua ng'ombe wameshuka. Kila kichwa cha ng'ombe kinachotoka pale, kabla hakijawa supu ya mtu, ndani yake chini ya ubongo kuna kitezi kidogo kimekaa kwenye kishimo cha mfupa. Na wewe unacho, nyuma ya pua, kimelingana na punje ya njegere. Kinaitwa tezi ya pituitari.

Udogo wake usikudanganye. Hiki ndicho msimamizi wa tezi nyingine. Kinaiambia tezi ya shingo ifanye kazi, ndo maana mwili una joto na nguvu. Kinaziambia tezi zilizo juu ya figo zitoe kotisoli, ile homoni inayokusimamisha ukiumwa, ukiwa na njaa au ukipata mshtuko. Kinaamsha mayai kwenye ovari, kinaleta maziwa, kinatoa homoni ya ukuaji, na kinahifadhi oksitosini, ambayo ndiyo inayokaza mfuko wa uzazi.

Zamani hizo waganga wa Ulaya hawakujua haya yote. Waliyajua kwa kuokoteza vitezi vya wanyama, kuviponda na kujaribu. Mwaka 1906 Mwingereza Henry Dale aliona kwamba dondoo la tezi hii linakaza mfuko wa uzazi wa paka. Mwaka 1909 daktari mwenzake wa Liverpool, William Blair-Bell, akaandika habari za kulitumia kwa wanawake. Kwa miaka mingi, dawa ya kukaza mfuko wa uzazi wa mwanamke aliyejifungua ilitoka kwenye vichwa vya ng'ombe na nguruwe. Mwaka 1953 Mmarekani Vincent du Vigneaud akafanikiwa kuitengeneza oksitosini maabara bila mnyama, na mwaka 1955 akapewa Tuzo ya Nobel ya kemia. Ile sindano ya pajani unayochomwa mara mtoto akishatoka, unayoilalamikia kwamba "nesi hana huruma, hata sijapumua", ndiyo hiyo. Tunawahi kwa sababu maalumu, tutafika huko.

Oksitosini ya ng'ombe na yako ni moja, haina tofauti. Kwa hiyo watu wakadhani na homoni ya ukuaji itakuwa hivyo hivyo. Mwaka 1921 Herbert Evans na Joseph Long kule California waliwachoma panya dondoo la tezi ya ng'ombe, panya wakawa majitu. Mwaka 1944 Evans na mwenzake Choh Hao Li wakaichuja homoni yenyewe ikawa safi. Furaha tupu. Wakaijaribu kwa watoto wafupi ambao tezi zao hazifanyi kazi. Kimya, hakuna kilichoongezeka hata nchi moja. Kumbe homoni ya ukuaji ni kama ufunguo, wa ng'ombe hauingii kwenye kitasa cha binadamu. Itabidi itoke kwa binadamu mwenzako.

Kumbuka neno hilo, "binadamu mwenzako", maana lina machungu mbele.

SEHEMU YA 3

Turudi kwa kina mama. Miaka ya 1930 katika hospitali ya wazazi ya Glasgow, Scotland, alikuwepo daktari Harold Sheehan, kazi yake ni kuchunguza maiti ili kujua kilichoua. Ukisikia Glasgow usifikirie majumba tu. Enzi zile ilikuwa mji wa viwanda wenye familia nzima kwenye chumba kimoja, choo cha kushirikiana, akina mama wamechoka na lishe mbovu. Mtu wa Vingunguti angeshuka pale asingepotea sana.

Mwaka 1937 Sheehan alichapisha habari za wanawake 11 waliofariki baada ya kujifungua. Wote, sehemu ya mbele ya tezi ya pituitari ilikuwa imekufa. Na 9 kati yao walikuwa wametoka damu nyingi sana wakati wa kujifungua. Kabla yake wengine walishaiona tezi iliyokufa: Leon Gliński kule Kraków mwaka 1913, na Morris Simmonds wa Hamburg mwaka 1914, aliyeeleza habari za mama aliyedhoofika miaka mingi baada ya homa kali ya uzazi. Lakini Sheehan ndiye aliyekazania kwamba mzizi ni damu kupotea, kisha akatumia miaka kadhaa kuwafuatilia wanawake waliopona wakabaki wanaishi nusunusu. Ugonjwa ukabeba jina lake.

Inatokeaje? Ukiwa mjamzito, tezi hii inanenepa, kwa sababu seli za kuleta maziwa zinaongezeka. Imekuwa kubwa lakini mishipa inayoilisha ni ile ile, na damu inaifikia kwa msukumo mdogo. Sasa ukimwaga damu nyingi kwa ghafla, presha ikaanguka, wa kwanza kukosa chakula ni yeye. Seli zinakufa njaa palepale, wakati wewe umelala kwenye kitanda cha leba na sisi tunahangaika na drip. Mama anaamka, anapewa mtoto, kila mtu anamshukuru Mungu. Hakuna aliyejua kwamba kuna kitu kidogo kimezimika kichwani.

Mara nyingi seli za homoni ya ukuaji na za maziwa ndizo zinazoumia mwanzo. Ndiyo maana dalili ya kwanza kabisa ni ile aliyoniambia Mama Asha: maziwa hayapo.

Ngoja nisimame hapa kidogo nisije nikawatia hofu. Maziwa machache yana sababu nyingi, na nyingi ni za kawaida: mtoto hajashika titi vizuri, mama hapumziki, mtoto kaanzishiwa kopo mapema. Na ukiwa unanyonyesha vizuri, kutoona siku zako miezi kadhaa si ugonjwa. Ninayemsema mimi ni mama ambaye alitoka damu nyingi, HALAFU maziwa hayakuja kabisa, HALAFU hanyonyeshi na siku zake hazirudi. Anachoka ovyo, anasikia baridi wakati Dar nzima inatoka jasho, akisimama ghafla kizunguzungu, sauti inakuwa nzito, ngozi inakauka na kupauka. Na jambo ambalo mtu haliongei mbele ya mama mkwe: nywele za kwapani na za sirini, akishanyoa, hazirudi.

Nililetewa habari hiyo ya mwisho na Mama Asha mwenyewe, miaka saba baadaye, kwa kunong'ona. Alidhani ni baraka, kapunguziwa kazi.

SEHEMU YA 4

Hiyo miaka saba nitaipita haraka, haina raha kuisimulia. Siku zake hazikurudi. Watu wakasema ana mimba, tumbo halikuja. Wakasema ni chango, akanywa mizizi. Wakasema kafungwa uzazi, akapelekwa mahali akaoshwa kwa maji ya mwarobaini na pesa ya kodi ikaenda. Wakasema ni vijiti vya uzazi wa mpango, na hakuwahi kuweka kijiti. Wifi zake walisema ni mvivu, analala saa nne asubuhi na mtoto analia. Mume akaoa mwingine, yule akazaa, na kila mtu akapata jibu alilolitaka.

Wakati yeye anaoshwa mwarobaini, dawa yake ilishakuwepo duniani zamani sana. Hapo ndipo historia ya sindano inapoingia.

Mwaka 1958, Maurice Raben kule Boston alieleza habari za kijana wa miaka 17, mfupi kwa kukosa homoni, aliyeanza kurefuka baada ya kuchomwa homoni ya ukuaji iliyotoka kwenye tezi za watu waliokufa. Mwaka huo huo Carl Gemzell wa Sweden akaonyesha kwamba homoni nyingine kutoka kwenye tezi hizo hizo za maiti, zile za kuamsha mayai, zinaweza kupevusha yai kwa mwanamke asiyeona siku zake. Haikuchukua muda mimba zikaanza kupatikana.

Tenganisha hapo tafadhali, maana ndipo wauzaji wa mtandaoni wanapowachanganya. Tezi ni moja ila homoni ni mbili tofauti. Ya ukuaji ilimrefusha mtoto. Ya kuamsha mayai ndiyo iliyompa mama mimba.

Nchi kadhaa zikaanza kukusanya tezi kwenye vyumba vya maiti, zinapondwa pamoja kwa mamia, kisha zinagawiwa hospitalini. Marekani, Uingereza, Ufaransa, Australia. Watoto walirefuka. Wanawake walioambiwa hawatazaa, walizaa. Hakuna aliyefikiri vibaya.

Mwaka 1985 vijana waliotibiwa homoni ya ukuaji utotoni wakaanza kufa kwa ugonjwa wa ubongo unaoitwa Creutzfeldt-Jakob. Mtu anayumba, anasahau, anapoteza kila kitu, na hauna tiba hadi leo. Tezi za watu wachache waliokuwa nao bila kujulikana zilichanganywa na nyingine, zikachafua dawa nzima. Marekani na Uingereza zikasimamisha mwaka huo huo. Ugonjwa wenyewe unajificha miaka mingi kabla ya kutokea, kwa hiyo waliendelea kufa muda mrefu baadaye. Duniani wamepita 200.

Na Australia wakafa wanawake wanne ambao hawakuchomwa ya kurefuka. Walichomwa ya kuamsha mayai, wakitafuta mtoto. Serikali ya huko iliunda uchunguzi, Profesa Margaret Allars akatoa ripoti mwaka 1994. Huwa nawafikiria wale wanawake. Hawakufanya uzembe wowote, walienda kwa daktari bingwa kwenye nchi tajiri, wakafuata masharti, wakafanya kile ambacho kila mmoja wetu angefanya. Kwa hiyo mtu akiniambia "Nesi, hiki kichupa kinatoka nje, ni original", mimi neno "nje" halinitulizi.

SEHEMU YA 5

Ila kulikuwa na njia nyingine, na hii ina kichekesho chake.

Mwanamke akikoma hedhi, ovari zinanyamaza, na tezi ya pituitari inakasirika. Inapiga kelele kwa kutoa homoni nyingi za kuamsha mayai, na nyingi zinatoka kwenye mkojo. Mtaalamu wa Italia, Piero Donini, alijua kuzichuja. Daktari Bruno Lunenfeld akataka zitumike kutibu wanawake. Tatizo, utapata wapi mkojo wa maelfu ya wanawake waliokoma hedhi, na uwe na uhakika hakuna mjamzito kati yao? Jibu likawa nyumba za masista wazee wa Kikatoliki, na aliyesaidia mlango ufunguke alikuwa mpwa wa Papa. Malori yakawa yanapita kukusanya mkojo wa masista, wanawake ambao hawakuzaa maisha yao yote. Mtoto wa kwanza wa dawa hiyo alizaliwa Israel mwaka 1962. Mimi Mswahili wa Vingunguti, nikiisoma habari hii zamu ya usiku, nilicheka peke yangu hadi mgonjwa akaamka.

Siku hizi homoni zote mbili zinaweza kutengenezwa maabara. Oktoba 1985, miezi michache tu baada ya ile ya maiti kusimamishwa, Marekani iliruhusu homoni ya ukuaji inayotengenezwa na bakteria waliopandikizwa maagizo ya binadamu. Za kuamsha mayai za aina hiyo zikafuata miaka ya 1990.

Sasa nijibu swali la mwanzo, maana mmeshavumilia.

Homoni ya ukuaji si homoni ya mimba. Brazil kuna mji unaitwa Itabaianinha, ambako kuna ukoo mkubwa wa watu wafupi sana waliorithi ukosefu wa homoni hii tangu kuzaliwa. Wanawake wao wanaona siku zao na wanazaa, ila kwa upasuaji kwa sababu nyonga ni ndogo. Tena ukishika mimba, kondo lenyewe linatengeneza homoni yake ya ukuaji, ndiyo maana madaktari kwa kawaida huiacha sindano mimba ikithibitika.

Mtu mzima ambaye tezi yake imekufa kweli anaweza kupewa sindano hiyo. Marekani iliruhusu kwa watu wazima mwaka 1996. Inasaidia nguvu, misuli, mafuta ya tumboni. Ni sindano ya kila siku, bei yake kubwa, na inatolewa baada ya vipimo. Wapo pia watafiti ambao tangu miaka ya 1980 mwishoni wamejaribu kuiongeza kwa wanawake wanaofanyiwa upandikizaji wa mimba ambao ovari zao hazijibu dawa vizuri, na mpaka leo hawajakubaliana kama inaongeza watoto. Hapo ndipo muuzaji wako alipookota maneno yake. Amechukua mjadala wa mabingwa akaufanya tangazo.

Kwa mama mwenye ugonjwa wa Sheehan, mpangilio ni mwingine kabisa. Kwanza anarudishiwa kotisoli, kwa vidonge kama haidrokotisoni au prednisoloni, kwa sababu hiyo ndiyo inayoshika uhai. Ya pili ni ya tezi ya shingo. Na usivigeuze: ukimpa mtu dawa ya tezi ya shingo kabla ya kotisoli unaweza kumuangusha kabisa. Ndiyo maana sitaki kusikia mtu kanunua vidonge dukani kwa kusoma posti yangu. Kisha homoni za kike za kulinda mifupa na kurudisha hedhi. Akitaka mtoto, ndipo zinapokuja zile za kuamsha mayai, kwa daktari bingwa wa uzazi, na vipimo vya picha kila baada ya siku chache. Wapo waliozaa hivyo. Wapo pia ambao tezi haikufa yote, wakashika mimba wenyewe. Lakini akibeba, kila anayemhudumia ajue kuhusu kotisoli, leba hasa, maana mwili wake hauwezi kujiongezea wenyewe.

SEHEMU YA 6

Nchi zilizoendelea, ugonjwa huu umekuwa wa kutafuta. Sababu si sindano za bei kubwa. Ni oksitosini, damu ya kuongezewa, na mtu wa kuona mapema kwamba damu imezidi. Na hapa ndipo nataka nijivunie nyumbani.

Kigoma, kuanzia mwaka 1984 hadi 1991, Dk. Godfrey Mbaruku na wenzake kwenye hospitali ya mkoa walishusha vifo vya wazazi kutoka 933 hadi 186 kwa kila vizazi hai 100,000. Walikaa chini, wakahoji kila kifo, wakabadilisha jinsi wanavyofanya kazi kwa kutumia zaidi vile walivyokuwa navyo. Baadaye Mbaruku huyo huyo akawa miongoni mwa waliofanya utafiti uliochapishwa mwaka 2005 kuhusu wanawake waliojifungulia nyumbani huko huko Kigoma. Mkunga wa jadi hana mizani wala chombo cha kupima damu. Ana nini? Kanga. Kanga zetu zina ukubwa unaokaribiana popote ununue. Wakapima, wakaona kanga mbili zikilowa, nusu lita imepita. Wakawafundisha wakunga: zikilowa mbili, usisubiri, mpe vidonge vya misoprostoli vya kukaza mfuko wa uzazi. Kitu ambacho bibi zetu walikuwa wakikifua na kukianika kikawa kipimo cha kitaalamu. Vyuo vikubwa vilikisoma.

Mwaka 2017 ukatoka utafiti mkubwa wa asidi ya traneksami, dawa ya kusaidia damu kuganda, uliohusisha wanawake 20,060 kwenye nchi 21, Tanzania ikiwemo. Ukaonyesha kwamba dawa hiyo ikiwahi ndani ya saa tatu inapunguza vifo vya kutoka damu. Na mwaka 2023 ukaja mwingine kwenye hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania: chini ya mama inawekwa nailoni maalumu yenye alama za vipimo, damu inaingia humo, hukisii tena kwa macho. Ikifika alama, hatua zote zinafanywa kwa pamoja: kukanda tumbo, oksitosini, traneksami, drip, kuchunguza damu inatoka wapi. Madhara makubwa ya damu yalipungua kwa asilimia 60. Sisi wa leba tulijua siku zote kwamba macho yanadanganya. Damu iliyoingia kwenye godoro haihesabiki.

Takwimu za taifa za mwaka 2015-16 zilisema vifo vya wazazi ni 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Za mwaka 2022 zinasema 104. Tunapiga makofi, ni haki yetu. Lakini kuna jambo linanikaa kooni. Tukihesabu vifo, Mama Asha hahesabiwi popote. Yeye kwenye daftari letu aliandikwa "mama na mtoto salama".

SEHEMU YA 7 (ya mwisho)

Mwaka 2019 Mama Asha aliletwa na bajaji, hana fahamu vizuri, kaharisha siku mbili. Presha iko chini, sukari iko chini. Tukaweka drip, haikunyanyuka kama tulivyotegemea. Alikuwepo daktari kijana, mpole, hata masomo ya ubingwa hajaanza. Alimsubiri afumbue macho, akamuuliza, "Mama, ulipomzaa huyu mtoto ulitoka damu nyingi?" Akatikisa kichwa kukubali. "Ulimnyonyesha?" Akasema, "Hayakutoka. Nilimwambia nesi."

Nesi nilikuwa nimeshika chupa ya drip.

Alipewa haidrokotisoni ya mshipa, na jioni yake alikuwa amekaa anaomba chai. Miaka saba, jioni moja. Akapewa rufaa, vipimo vya homoni vikachukuliwa, akapigwa picha ya kichwa, na pale kwenye kishimo cha mfupa tezi ilikuwa imesinyaa karibu yote.

Nilimwomba radhi, siku nyingine, uani kwake, mama mkwe akiwepo. Nilimweleza yule mama mkwe kwa lugha ya kawaida kwamba mkwe wake hakujilegeza, tezi ya maziwa ilikufa njaa siku ile ya damu. Alinyamaza sana yule bibi. Halafu akasema, "Mie nilimfua zile kanga, nesi. Zilikuwa nne." Nne! Kipimo kilikuwepo, aliyekifua alikuwepo, ila hakuna aliyemuuliza.

Mtoto wa pili hakupata. Tuliongea na daktari wa uzazi, akaeleza sindano za kuamsha mayai, idadi yake, bei yake, na kwamba zinaweza zisijibu. Mama Asha akapiga hesabu usiku, asubuhi akaniambia pesa hiyo ataifungulia genge. Genge lipo, ukipita utanunua nyanya na hutojua chochote.

Nikuombe mambo machache basi. Ukiwa leba na ndugu yako, angalia damu, hesabu kanga, na kwa sauti ya heshima mwambie mhudumu umeona ngapi. Hatutakasirika, na akikasirika mmoja mwambie mwingine. Ukiwa wewe ndiye uliyetoka damu nyingi na maziwa hayakuja wala siku zako, hata kama imepita miaka 10, nenda kituo cha afya ukayaseme yote mawili kwa pamoja, uombe rufaa ya Amana, Temeke, Mwananyamala au Muhimbili, kulingana na ulipo. Na kama umeshaanza vidonge vya kotisoli, usiviache ghafla hata siku moja. Ukipata homa, kutapika au kuharisha, wahi hospitali na useme mapema unavitumia.

Mama Asha ana kikaratasi kwenye pochi kimeandikwa dawa zake na ugonjwa wake, nilimwandikia kwa herufi kubwa. Hakisomi yeye, ameshakizoea. Anayemkumbusha kidonge cha asubuhi ni yule binti, wa maziwa ya kopo, sasa yuko sekondari. Anasimama mlangoni na begi mgongoni, haondoki hadi aone kimemezwa.

Maswali tuma inboksi, nitajibu nikitoka zamu ya usiku kesho. Na yule mwenye kichupa, nilipe picha ya vipimo vyako kwanza kabla hujalipa mtu.